Wauza viatu vya kunyanyulia vyuma, acheni kutuuzia sponji!

Wakuu, nimepigwa na nina hasira.

Nimejichanga miezi minne kupata kiatu cha kunyanyulia vyuma. Vifundo vyangu vya miguu vimekaza. Nikichuchumaa na chuma mgongoni visigino vinanyanyuka na mwili unaanguka mbele. Kocha akaniambia nitafute kiatu chenye kisigino kirefu na kigumu. Nikamuuliza muuzaji mmoja wa mtandaoni: nichukue Romaleos ya Nike, Adipower ya Adidas au Legacy Lifter ya Reebok?

"Bosi, zote sawa tu, wewe chagua rangi."

Sawa kivipi? Romaleos na Adipower visigino vyake ni karibu milimita 20. Legacy Lifter inafika 22. Powerlift, ambayo nayo ni ya Adidas, iko karibu na 15, na kisigino chake ni povu lililoshindiliwa, si plastiki ngumu kama ya Adipower. Ndiyo maana bei yake iko chini. Kwa mwenye vifundo laini Powerlift inatosha kabisa, wala sina ugomvi nayo. Kwa mtu kama mimi hizo milimita tano ndizo kila kitu. Na kama kazi yako kubwa ni kuinua chuma kutoka chini, achana na visigino virefu, vaa raba bapa kama Converse, hela nyingine kale. Maelezo haya hayamalizi dakika mbili. Muuzaji asiyeyajua anauza nini?

Nikatuma laki tatu na nusu. Kiatu kikaja kizuri machoni, nembo imenyooka. Kilo 60, sawa. Kilo 100, nikiwa chini kabisa, mguu wa kulia ukalalia ndani na goti likafuata. Nimeshukuru Mungu vile vyuma vya pembeni vya kukingia vilikuwepo. Nikabonyeza kisigino kwa kidole gumba, kikabonyea! Nikampelekea fundi viatu akafungua soli: ganda jembamba la plastiki, ndani sponji ileile ya raba za kukimbilia.

Zamani visigino hivi vilikuwa vya mbao, na si kwa urembo. Ukisukuma sakafu, nguvu yote irudi kwenye chuma, isimezwe na kiatu. Sponji inameza, tena inameza upande mmoja kuliko mwingine, na hapo ndipo goti linapokwenda.

Muuzaji nilipomtumia picha akajibu, "Kikishavaliwa hakirudi." Kisha akani-block. Ningejuaje bila kukivaa?

Sasa naanza kujichanga upya, na safari hii silipi kabla sijakishika na kukibonyeza mwenyewe. Mguu wangu ni mpana, namba 43. Aliyewahi kuvaa Legacy Lifter au Romaleos kwa mguu wa aina hiyo anijibu: vidole vinakaa, au niongeze nusu namba? Na tafadhali wekeni picha za soli, za juu nimeshaziona za kutosha.