Nguruwe wangu alivaa hereni mbili za miradi miwili, akafa bila mtu hata mmoja kutuonya

Ndugu wafugaji wa Bukavu na wa vilima vyote vinavyoizunguka, pamoja nanyi mama zetu mnaofuga nyuma ya nyumba kule Panzi, Bagira na Kadutu, nafungua uzi huu nikiwa na hasira na sitajaribu kuificha. Nimengoja wiki tatu nipoe kwanza, lakini sikupoa.

Juu ya meza ninayoandikia kuna hereni mbili za plastiki, moja ya manjano na nyingine ya buluu, nilizozikata kwenye masikio ya nguruwe jike mmoja kabla hatujamfukia. Ile ya manjano ilitobolewa sikio la kushoto na mradi wa kwanza, uliokuja kufuatilia uzazi na ukuaji. Ya buluu ilitobolewa kulia, miezi mitano baadaye, na mradi wa pili, uliokuja kwa habari ya malisho na samadi. Kijana wa mradi wa pili alipoinama kutoboa, nilimwuliza kama hataki kuinakili ile namba ya manjano, ili wakubwa wake wajue kwamba mnyama huyu amekwisha kupimwa na kwamba amezaa mara tatu. Alinijibu kwa heshima, maana alikuwa kijana mwenye adabu, kwamba programu iliyo kwenye tableti yake haina nafasi ya kuandika namba ya watu wengine.

Katika miezi 12 banda langu la Bugorhe lilitembelewa na timu nne. Zote ziliniuliza nina nguruwe wangapi, nawalisha nini, nauza wapi na pesa naifanyia nini. Zote nilizijibu yale yale: nguruwe 11, wakiwemo majike 3 wazazi; machicha ya bia tunayoyaita dreshi, majani ya viazi vitamu na maganda ya ndizi; soko la Mudaka, na mara chache Mugogo; minervali ya watoto, yaani karo ya shule, na zamu yangu ya likelemba, ule mchango tunaopeana kwa zamu. Timu mbili zilichukua damu. Zote nne zilipiga picha, zikachukua vipimo vya GPS vya banda, zikanitaka nitie sahihi kwenye karatasi ya Kifaransa ambayo jirani yangu, mama asiyesoma Kifaransa wala Kiswahili, aliiwekea kidole gumba. Hakuna timu iliyorudi kuniambia ilichokiona kwenye ile damu. Hakuna iliyojua kwamba tatu nyingine zimepita.

Sasa nije kwenye kifo chenyewe. Mwezi wa 6, kwenye kilima kilicho upande wa pili wa bonde letu, nguruwe walianza kufa. Wenye nguruwe hao walinyamaza, na siwalaumu sana, kwa sababu kwetu anayetangaza ugonjwa hapati mnunuzi na wala hapati fidia; afadhali auze upesi wale ambao bado wanasimama. Ndivyo homa ya nguruwe ya Afrika inavyosafiri huku kwetu: haipandi mlima kwa miguu yake, inapelekwa sokoni na mtu mwenye hofu, juu ya pikipiki, ikiwa imefungwa kamba. Virusi vyake havimdhuru binadamu, lakini hukaa muda mrefu ndani ya nyama, ndani ya damu iliyomwagika na kwenye buti za mchinjaji, na mnyama aliyeambukizwa anaweza kupita siku kadhaa akila vizuri kabla hajaonyesha dalili yoyote. Ugonjwa huu ulielezwa kitaalamu mara ya kwanza nchini Kenya mwaka 1921. Zaidi ya miaka 100 imepita, na mpaka leo hauna dawa. Silaha ya mfugaji mdogo ni moja tu: kujua mapema uko wapi, ili asinunue huko, asiazime dume huko, na asimruhusu mgeni kuingia bandani na viatu vyake.

Mimi sikujua. Mwezi wa 8 nilinunua watoto wawili wa nguruwe pale Mudaka, kwa komisyoneri (dalali) ninayemfahamu, wenye afya kwa macho yangu. Siku ya nane mmoja alilala kwenye kona na kukataa dreshi. Siku ya kumi yule jike mwenye hereni mbili alikuwa amejilaza juu ya wenzake kama mwenye baridi, masikio yakiwa mekundu na kugeuka rangi ya zambarau kuanzia ncha, madoa yale yale yakishuka tumboni, na mwili wake ukiwa moto kiasi kwamba niliuondoa mkono. Alikufa usiku huo. Kufikia mwisho wa wiki iliyofuata wote 13 walikuwa wamekufa. Tuliwafukia kwa chokaa, mimi na wanangu, na shimo lile tulilichimba kwa siku mbili kwa sababu ardhi ya pale ni ya mawe.

Hasira yangu, hata hivyo, haikutokana na kufiwa na mifugo. Mfugaji aliyezaliwa Kivu amezoea hasara. Ilianza mwezi uliopita, katika warsha moja iliyofanyika hotelini kando ya ziwa, ambako nilialikwa kama mwakilishi wa wafugaji, yaani mtu wa kupigwa picha. Bwana mmoja aliwasha mashine akaonyesha ukutani ramani nzuri ya teritwari ya Kabare na ya Walungu, yenye nukta nyekundu mahali homa ya nguruwe ilipothibitishwa. Nukta moja ilikuwa juu ya kilima kile cha ng'ambo ya bonde. Chini yake paliandikwa tarehe: mwezi wa 6. Walichukua damu mwezi wa 6, na majibu waliyapata kabla mwezi wa 7 haujaisha. Mimi nilinunua nguruwe mwezi wa 8.

Nilinyanyua mkono, nikauliza kwa nini hatukuambiwa. Nilijibiwa kwamba takwimu hizo bado hazijachapishwa, na kwamba makubaliano na mfadhili hayaruhusu kuzitoa kabla ya hapo. Halafu tukaitwa kwenye chai.

Nawaomba wasomaji walipime jambo hili taratibu. Hakuna aliyeiba, na hakuna aliyedanganya. Kila mtu alifanya kazi yake kwa mujibu wa mkataba wake, na katika mikataba yote hiyo hakuna mstari hata mmoja unaosema kwamba mwenye nguruwe, au hata veterineri wa serikali, aambiwe. Nilikwenda kumwona veterineri wetu. Ana daftari la jalada gumu, lililopigwa mistari kwa rula, na pikipiki ambayo mafuta yake hununua mwenyewe anapopata. Katika ukurasa wa mwezi wa 6, mbele ya jina la kilima kile, amepiga kistari, maana yake hakuna taarifa. Mzee yule analaumiwa na kila mtu kwa kutojua, ilhali maarifa yalipita mbele ya mlango wake ndani ya sanduku la barafu. Kama angetaka kupima mwenyewe, sampuli ingebidi iende kwenye maabara kuu ya mifugo iliyoko Kinshasa, zaidi ya kilomita 1,500 kutoka hapa, au ivuke mpaka.

Wako watakaosema kwamba kuna utaratibu wa kimataifa. Upo, na nimeusoma. Nchi mwanachama wa Shirika la Afya ya Wanyama Duniani, lenye makao yake Paris, hutakiwa kutoa taarifa ndani ya saa 24 ugonjwa wa aina hii unapozuka mahali ambako haukuwapo. Kwa ugonjwa ambao umekwisha kufanya makao nchini, kama huu kwetu, kinachotakiwa ni ripoti ya kila miezi 6. Miezi 6! Nguruwe wangu walimalizika ndani ya wiki mbili. Kwa hiyo tusingoje Paris ituokoe. Onyo la kumfaa mfugaji wa Bugorhe lazima litoke Kavumu, Miti au Bukavu, na lifike ndani ya siku mbili.

Tena, hata hao wanaosema wako tayari kushirikiana hawajafanya ile kazi ndogo inayowezesha takwimu kukaa pamoja. Nilipewa siku ile karatasi mbili za miradi tofauti zinazohusu Walungu. Moja imeandika Burhale, nyingine Burale. Moja Lurhala, nyingine Lurala. Moja Kaniola, nyingine Kanyola. Sisi tunaosema Mashi tunajua ni mahali pale pale, lakini kompyuta haisemi Mashi: kwake hizo ni grupema sita, yaani maeneo sita ya utawala ndani ya teritwari. Mradi mmoja unamhesabu mtoto wa nguruwe mpaka miezi miwili, mwingine mpaka mitatu. Mmoja unahesabu kaya, mwingine unahesabu mabanda, na wa tatu unageuza kila mnyama kuwa sehemu ya ng'ombe mmoja, hesabu ambayo ina maana yake katika vitabu, lakini haimwambii mtu yeyote nguruwe wangapi wanahitaji kulindwa. Katika nchi ambayo sensa yake ya mwisho ya watu ilifanyika mwaka 1984, kila namba ya kuaminika ni mali, na sisi tunazitupa kwa sababu ya herufi moja.

Na ushirikiano huu si ndoto. Sotoka, ile tauni iliyokuwa ikifagia ng'ombe wa Afrika, ilitangazwa kuwa imetokomezwa duniani mwaka 2011, na mlipuko wake wa mwisho unaojulikana ulikuwa Kenya mwaka 2001. Chanjo ilisaidia sana, hasa ile isiyohitaji barafu muda wote. Lakini sehemu kubwa ya kazi ilikuwa kuwauliza wafugaji wenyewe wamemwona wapi mnyama mgonjwa, kuwafundisha vijana wao kuchanja, na kuzipeleka habari hizo kwa nchi jirani bila kungoja. Wafugaji wale wengi hawakujua kuandika majina yao, lakini walichokisema kiliwarudia kwa sura ya chanjo. Sasa dunia imejiwekea mwaka 2030 kuwa mwisho wa sotoka ya mbuzi na kondoo. Kwa mwendo wa hereni mbili katika mnyama mmoja, sijui Kivu itachangia nini.

Kuna hoja moja ya wenye miradi ambayo naiheshimu. Walisema takwimu zikitolewa ovyo zitawafikisha wezi na watu wenye silaha mpaka bandani. Ni kweli kabisa, na anayeishi hapa hahitaji kuelezwa. Kipimo cha GPS cha banda langu sitaki kionekane na mtu yeyote, na sheria ya kidijitali ya nchi yetu, iliyotiwa saini tarehe 13 Machi 2023, nayo inazungumzia ulinzi wa taarifa za mtu. Lakini kuonya si kutaja jina. Ingetosha kusema, "Grupema fulani, homa ya nguruwe imethibitishwa, msinunue huko kwa sasa." Kwa sentensi hiyo hakuna mwizi atakayepata ng'ombe. Isitoshe, usiri huo ulikuwa wapi siku banda langu lilipopigwa picha na kuwekwa kwenye jalada la ripoti?

Ninachodai, basi, ni hiki. Mradi wowote unaotaka damu ya mnyama wetu uandike kwenye karatasi ile ile ya idhini, kwa Kiswahili au kwa Mashi, ni siku gani majibu yatamfikia mwenye mnyama na veterineri wa teritwari, na ugonjwa wa hatari usingojee uchapishaji wa makala. Programu za tableti ziwe na nafasi ya namba za hereni za wengine. Orodha ya majina ya grupema iwe moja. Hayo hayahitaji mfadhili mpya wala hoteli. Chama chetu cha wafugaji kwa upande wake kiache aibu: kundi letu la simu lina wachinjaji, vijana wa motari (pikipiki za abiria) na makomisyoneri, na wote wanajua mapema kuliko maabara yoyote nguruwe wanaposhuka bei ghafla kwenye kilima fulani. Tulilitumia kupeana salamu za Noeli.

Naomba pia kila aliyehesabiwa na mradi katika miaka mitano hii aandike hapa chini mwaka, grupema na kama aliwahi kurudishiwa majibu. Asiandike jina lake wala mahali banda lilipo. Nitaziweka pamoja kwenye jedwali moja na kulipeleka kwa veterineri, aliandike kwenye daftari lake.

Nyongeza, jioni hii: ndugu mmoja amenijibu kwamba nalaumu watu bure, na kwamba tatizo letu ni vita. Ndugu yangu, vita imetumaliza, sikatai. Lakini vita haikuzuia tableti kufika, haikuzuia damu kuchukuliwa, na haikuzuia ramani ile kuchorwa. Kilichoshindikana ni simu moja kutoka kwenye maabara hadi kwa mzee mwenye daftari.

Na leo saa tisa nimepigiwa na timu ya tano, wanaomba miadi ya kuhesabu nguruwe Jumanne. Nimewaambia banda ni tupu, wote wamekufa. Binti aliyepiga alinyamaza kidogo, akanipa pole, kisha akasema watakuja hivyo hivyo na kuandika sifuri. Nikamwuliza kama fomu yao ina mahali pa kuandika walikufa kwa nini. Amesema atauliza.