Mshazari wa mraba wa 600: nyinyi munaandika namba gani?

FundiBirere (Goma)
Jambo bandugu. Nachora geti la miraba ya milimita 600 kwa 600, kila mraba na chuma kimoja cha mshazari. Kikokotoo cha simu kinanipa 848,5281374 na bado kinaendelea. Nikaandika 848,53 kwenye AutoCAD, programu ya kuchora plani: mstari ukalala upande, na urefu unasomeka 849,65! Niongeze desimali, nitumie fomula, ama nihamie FreeCAD, ile programu ingine ya kuchora?

PlaniKatindo
Desimali hazina kosa, ndugu. Shuleni tumezoea mkato wa Kifaransa, lakini AutoCAD ikiona mkato inatenganisha x na y. Umeiambia iende 848 kulia na 53 juu, nayo ikatii. Weka nukta.
Hata hivyo 848.53 inapitiliza kona kwa mikroni mbili hivi. Kwa msumeno si kitu. Ila siku utakapotaka kuunganisha mistari iwe umbo moja lililofungwa, amri ya JOIN itakukatalia.

Kadutu_3D (Bukavu)
FreeCAD, bila kusita. Kwenye kisanduku cha kipimo piga = kisha sqrt(2) * 600 mm (sqrt ni kipeuo). Ukiifunga fomula kwenye kipimo cha upande, mteja akikupigia usiku kwamba sasa anataka 550, mshazari unafuata wenyewe. AutoCAD nayo ina kikokotoo chake, 'cal: ikikuuliza urefu, andika 'cal halafu sqrt(2)*600. Inahesabu vizuri lakini haikumbuki fomula, upande ukibadilika unaanza upya.

Yaya_Ndosho
Hesabu yote hiyo ya nini? Anzia kona, andika @600,600, yaani toka hapo 600 kulia na 600 juu. Mkato ule ule uliokupiga! Ama unase kona kwa kona tu, programu inazishika yenyewe. Ya kuandika kipeuo haipo kabisa.

PlaniKatindo
Yaya amesema kweli, kwa mraba hiyo ndiyo njia. Lakini ukihesabu mzingo wa duara kwa pai, hakuna kona ya kunasa. Hapo fomula lazima.

ChumaNene
Pai imeniachia kidonda. Tangi la maji, kipenyo cha nje 800, tole (bati la chuma) ya milimita 2. Nikajisifu kwamba nimeweka pi*800, yaani 2513,27, wakati wenzangu wanatumia 3,14 inayotoa 2512. Tukakunja, tukachomelea, tangi likagoma kuingia kwenye pete ya stendi. Nje lilikuwa 802! Tole ikikunjwa, upande wa nje unavutika na wa ndani unabanwa, kwa hiyo mzingo unahesabiwa katikati ya unene: pi*798, sawa na 2506,99. Desimali nilizogombania zilikuwa milimita moja na kitu. Unene ulikula sita.

Kadutu_3D (Bukavu)
Pole mukubwa 😂 Ndiyo maana mimi naandika pi * (kipenyo - unene), ndani ya fomula humo humo.

FundiBirere (Goma)
@600,600 imekubali, aksanti Yaya. Sasa inaonyesha 848.5281 peke yake. Zile zingine zimekatwa?

PlaniKatindo
Hapana. Amri ya UNITS inabadilisha zinazoonekana tu, ndani namba iko na tarakimu zake kama 15. Usihangaike nayo.

FundiBirere (Goma)
Basi naacha, diski yangu ya kukatia inakula karibu milimita 3 yenyewe.

Yaya_Ndosho
Na hiyo 600 ni ya ndani ya fremu, ama katikati ya chuma hadi katikati?

FundiBirere (Goma)
…Ngoja nirudi kupima.