Tupeane uzoefu: aliyealikwa akijitoa, nafasi yake apewe nani?

Mwenye kisa cha kujitoa, kuondolewa au kuitwa dakika za mwisho kwenye mashindano ya mwaliko, akimwage hapa. Naanza mimi.

Hapa Kampala tulialikwa wachezaji 16 wa EA FC, ile geimu ya mpira wa miguu. Droo ikatoka mapema, kila mtu akaanza kumsoma mpinzani wake. Usiku wa kuamkia mechi, niliyepangwa naye akajitoa. Asubuhi nakuta kiti chake kimekaliwa na kijana ambaye jina lake halikuwahi kutajwa popote. Akanifunga kihalali, na kwake sina neno. Neno ninalo kwa waandaaji: walimtoa wapi? Vijana waliokosa nafasi kwenye mchujo wa wazi kwa goli moja tu walikuwa mle mle ukumbini wakitazama, pedi zao za kuchezea geimu mikobani. Hakuna aliyewauliza. Nilipohoji nikajibiwa kwamba mwenye shughuli humwalika amtakaye.

Sikubali. Hiari yake inaishia droo inapotoka. Baada ya hapo watu wameshakata tiketi kutoka Gulu na Mbarara, na zawadi ya fedha iko mezani. Orodha ya akiba itangazwe siku moja na orodha ya walioalikwa, ijulikane nani wa kwanza, nani wa pili.

Dada wa Arua:
Kaka, nami nisemee upande wa tunaoitwa. Watu husema wa akiba kabebwa. Mimi nilipigiwa simu jioni, nikapanda basi la usiku, nikafika Kampala alfajiri sijalala. Nikapewa mashine yenye mipangilio ya pedi ya mtu mwingine, na kabla sijamaliza kuibadilisha refa anaita majina. Nilitolewa raundi ya kwanza. Wa akiba aambiwe mapema, alipiwe nauli, awepo ukumbini hata kama hatacheza.

Wa Tororo:
Sisi hatukujitoa. Kikosi chetu cha PUBG Mobile, geimu ya mapigano ya kwenye simu, kilialikwa mashindano ya mtandaoni, Januari 2021. Mnaikumbuka: intaneti ilizimwa nchi nzima kuanzia tarehe 13, kesho yake uchaguzi. Iliporudi tukakuta kikosi kingine kwenye nafasi yetu, na sisi tumeandikwa "wamejitoa". Kutafutiwa mbadala ni sawa, mechi haziwezi kusimama. Kilichotuuma ni hilo neno, na msimu uliofuata hakuna aliyetukumbuka.

Mzee wa sataranji, Mbale:
Kijana wa Tororo, mfano wa aliyejitoa na bado akakumbukwa upo. Machi 2020 Teimour Radjabov alijitoa kwenye mashindano ya kumpata mpinzani wa bingwa wa dunia, akihofia korona. Maxime Vachier-Lagrave akaingia, na mashindano yalipositishwa katikati, raundi 7 kati ya 14, alikuwa akiongoza pamoja na Nepomniachtchi. Radjabov akapewa nafasi ya moja kwa moja kwenye mashindano hayo ya 2022. Na hiyo 2022 yenyewe, Karjakin alipofungiwa, nafasi yake ilikwenda kwa Ding Liren kwa sababu ya kiwango chake kwenye orodha ya dunia. Akamaliza wa pili, na 2023 akawa bingwa wa dunia. Hakuna aliyeuliza katoka wapi, maana kigezo kilikuwa wazi.

Wa Kasese:
Na anayejitoa katikati ya makundi? Kwetu mmoja aliondoka baada ya mechi mbili kati ya saba. Waliomfunga wakabaki na pointi zao, tuliobaki tukaletewa mbadala mkali kuliko yeye. Nilikosa robo fainali kwa tofauti ya magoli.

Mwanzisha mada:
Hapo mlionewa wazi. Kwenye sataranji, anayeondoka kabla ya kucheza nusu ya mechi za kundi, matokeo yake hayahesabiwi kwenye msimamo. Akishafikisha nusu yanabaki, na waliobaki wanapewa ushindi wa mezani. Ligi zetu za geimu zingeweza kuichukua kanuni hiyo kama ilivyo.

Aliyewahi kucheza hapa Uganda mashindano yaliyotangaza orodha ya akiba kabla ya droo aweke picha ya kanuni zake. Nataka kuzipeleka kwa waandaaji wetu kabla hawajatuma mialiko ya msimu ujao.