Tuandike "Sheikh" ao jina tu?

kijana_wa_birere
Salamu wote. Niko naandika habari za redio moja hapa Goma na kuna kitu inanisumbua sana. Juzi nimeandika habari ya imamu wa musikiti moja ya hapa Birere, nikatia "Sheikh" mbele ya jina, mukubwa wangu akaifuta, anasema redio haina dini. Lakini kwa habari ile ile, mistari ya juu, kulikuwa "Monseigneur" (vile wakatolika wanaita askofu) na hakuigusa! Waislamu wamepiga simu mchana wote, mie nasikia haya kweli. Munaonaje?

mama_wa_nguba
Mie ni mukatolika wa Bukavu na hiyo imeniumiza. Afute yote ao aache yote. Padiri ni Abbé, mwingine ni Pasta, sasa huyu aitwe jina kavu kama mtoto? Mzee wa watu!

mjukuu_wa_kasongo
Asante mama. Mie Muislamu, kwetu Kasongo kule Maniema, na nitaongeza kitu juu watu wanachanganya sana. Imamu ni kazi, ndiye anasalisha. Sheikh ni heshima ya mutu aliyesoma dini, kwa Kiarabu maana yake mzee. Alhaji ni yule amehiji Makka, anaweza kuwa muuza viatu tu na hajawahi kusalisha mutu. Mufti ndiye wa kutoa fatwa, ni kusema jibu la sheria ya dini. Kwa Washia ni ingine tena: Ayatollah ni cheo cha masomo, Hujjatul-Islam iko chini yake, na hapo siasa inaingia, kwani Khamenei wa Iran alikuwa Hujjatul-Islam mpaka 1989 alipowekwa kiongozi, ndipo wakaanza kumwita Ayatollah na wanazuoni wengine hawakukubali. Kwa hiyo usitie cheo ovyo, kinasema kitu.

mama_wa_nguba
Kumbe! Mie nilijua Alhaji na Sheikh ni moja.

yaya_wa_kadutu
Kijana, muulize mwenyewe watu wake wanamwitaje. Mara ya kwanza andika "Sheikh" na jina lote na kazi yake, imamu wa musikiti gani, kisha endelea na "Sheikh" na jina moja. Kusema Sheikh si kusali nyuma yake, ni kumutaja vile anajulikana.

kijana_wa_birere
Asante yaya. Nimemupigia sasa hivi, amesema "Sheikh" inatosha. Kesho asubuhi naingia kwa mukubwa, naomba tusome habari upya na jina lake lote.