Ushauri: Nataka kuwapeleka wazazi mgahawa wa Kimeksiko hapa Houston, niwaagizie nini?

BintiTanga_TX

Habari zenu wakuu, na wakubwa wote shikamooni.

Wazazi wangu wamekuja kututembelea kutoka Tanga. Tunakaa Houston, upande wa kusini magharibi. Karibu na nyumbani pana mgahawa wa Kimeksiko wa familia: mama yuko jikoni, watoto wake ndio wanaohudumia meza. Kila tukipita, baba anauliza humo ndani wanapika nini, maana harufu ya nyama ya kuchoma inafika mpaka kituo cha basi. Jumapili hii nataka niwapeleke.

Sisi ni Waislamu. Mimi na mume wangu huwa tunachukua taco za samaki (chapati ndogo iliyokunjwa, samaki ndani) na kuondoka, kwa hiyo vyakula vingine vya pale sivijui. Nguruwe ni marufuku, na namaanisha hata mafuta yake. Mama ana vidonda vya tumbo, pilipili haiwezi kabisa. Baba yeye mpe mbuzi na pilipili, umemaliza kazi. Ninachoogopa ni wakae pale na njaa huku wanatabasamu kwa adabu. Nawajua, hawatasema kitu.

Niagize nini, na nikwepe nini? Maharage nayo je?

Mpishi_Dallas

Marahaba dada, na wazee wakaribishwe. Nimefanya kazi jikoni kwa Wameksiko hapa Texas, naomba nikujibu kwa kirefu.

Umefanya vizuri kuuliza maharage, maana hapo ndipo wengi wetu hunaswa. Yale yaliyopondwa, frijoles refritos, kienyeji hukaangwa kwa manteca, yaani mafuta ya nguruwe. Kuna jikoni zinazotumia mafuta ya mimea, ila kwa macho huwezi kutofautisha. Frijoles charros yana vipande vya nyama ya nguruwe mle mle kwenye mchuzi. Borrachos, ambayo hapa Texas yapo kila mahali, hupikwa na bia. Usiyaguse.

Uliza hivi: "¿Lleva manteca o puerco?", yaani "Ina mafuta ya nguruwe au nguruwe?" Kwenye mgahawa wa familia hawakasiriki, wanakwenda kumuuliza mpishi mwenyewe. Tortilla (chapati zao nyembamba) za ngano pia uliza, kwa sababu baadhi hukandwa na mafuta hayo hayo. Tortilla za mahindi kwa kawaida ni mahindi yaliyochemshwa kwa maji ya chokaa, yakasagwa, basi. Wazee wape hizo, na zije za moto.

Upande wa nyama, carnitas ni nguruwe, chorizo (soseji yao) mara nyingi ni nguruwe, na pozole (supu yao ya mahindi na nyama) aghalabu ni ya nguruwe. Halafu kuna al pastor. Mzee akiiona inazunguka kwenye chuma atasema hii ni shawarma, na hatakuwa amekosea sana, kwani asili yake ni wahamiaji wa Kilebanoni waliofika Puebla, kule Meksiko. Lakini Walebanoni walitumia kondoo, Wameksiko wakaweka nguruwe. Mwahi kabla hajanyoosha kidole!

Mzee_wa_Supu

Mbuzi wa baba yupo! Aulize birria. Ni chakula cha Jalisco, jimbo la Meksiko: mbuzi anapikwa taratibu na pilipili kavu, bizari nyembamba na siki mpaka nyama inaachia mfupa. Inakuja na bakuli la mchuzi mwekundu, unakamulia ndimu, unanyunyiza kitunguu na kotimiri. Mzee wa Tanga akionja ule mchuzi atauliza kama wanao na asubuhi.

Ila sehemu nyingi za Marekani siku hizi wanaipika kwa ng'ombe. Sema "de chivo" kama unataka mbuzi, "de res" ni ng'ombe.

UstadhMinnesota

Dada yangu, ndugu hapo juu wameeleza vizuri, ila naomba niongeze jambo ambalo kwangu ndilo la kwanza. Kukosekana nguruwe hakuifanyi nyama kuwa halali. Huyo mbuzi kachinjwa na nani, na vipi? Wapo miongoni mwetu wanaokula nyama za hapa, siwahukumu, lakini wazazi wako wamekuamini wewe. Waulize nyumbani kabla hamjatoka, wasije wakajua wakiwa tayari mezani.

Kama wao ni wa halali tu, waagizie samaki. Mojarra frita ni samaki mzima wa kukaanga, mara nyingi perege, anakuja na wali, ndimu na tortilla. Kwa watu wa pwani hiyo si ugeni hata kidogo. Uliza tu kama mafuta ya kukaangia hayajapitia nguruwe.

BintiTanga_TX

Ustadh, Allah akulipe heri. Nimeongea na baba sasa hivi, kasema bila kusita: halali au samaki. Basi birria tutaipika nyumbani kwa mbuzi wa bucha letu la halali, Mzee_wa_Supu naomba uniandikie viungo vyote. Jumapili ni mojarra.

Mama je, na pilipili? Na bakshishi mnaachaje?

MamaZawadi_Houston

Mwanangu, mama yako mwagizie samaki huyo huyo na parachichi pembeni. Zile chipsi za mahindi na salsa (mchuzi wa pilipili wa kuchovya) zinazoletwa bure mwanzoni, salsa isogezeni upande wa baba. Na ile ya kijani msidhani ndiyo ya kistaarabu, mara nyingi pilipili mbichi ya serrano imo na inachoma kuliko nyekundu. Pico de gallo ni kachumbari hasa, ila ina pilipili, muombee isiyo nayo. Kinywaji mpe horchata, ya mchele na mdalasini, inatuliza. Baba ataipenda juisi ya ukwaju, wanaiita tamarindo.

Wali wao mwekundu uulizie pia, wengi huupika kwa supu ya kuku.

Bakshishi acha asilimia 18 hadi 20, ukihesabu kabla ya kodi, ambayo Houston ni 8.25%. Usibane hapo. Sheria ya Texas inaruhusu mhudumu kulipwa dola 2.13 tu kwa saa, riziki yake ni hicho unachomwachia. Ukiweza mpe taslimu mkononi.

Mpishi_Dallas

Nikubaliane na Mama Zawadi kuhusu wali, nilisahau kuutaja. Na dada, usiende saa sita au saa saba Jumapili. Ndio muda familia zinatoka misani, jikoni hakuna anayesikiliza swali la mtu. Mkifika saa tisa mtakaa kwa nafasi, na huyo mama mwenyewe anaweza kutoka kuja kukueleza anakaangia mafuta gani.