Mikutano ya afya ya watu wa asili: kuna aliyewahi kwenda, au ni posho tu?

Nalangu_wa_Longido
Wakuu habari za saa hizi. Mimi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii huku Longido, kazi yangu kuzunguka maboma nafuatilia wajawazito na watoto wa chanjo, zahanati iko mbali na ukifika unakuta nesi hajui Kimaasai na bibi uliyemleta hajui Kiswahili, basi mimi ndo mkalimani, siku nyingine natafsiri kwa simu nikiwa nachunga mbuzi. Sasa akina mama wa kikundi chetu wamesikia redioni habari za mikutano ya watu wa asili, sijui New York sijui Geneva, wanataka niwaulizie kama afya inazungumzwa huko au ni ardhi tu. Inasaidia? Au ndo zile za kuvaa shanga, kupiga picha, kurudi? Nitajibu netiweki ikipatikana.

Dereva_Mstaafu
Watu wa asili ndo kina nani tena? Nchi hii sote wenyeji, Mgogo, Mmakonde, Mhaya. Na hiyo mikutano naijua mimi, nimeendesha gari za miradi miaka na miaka, saa nne chai na vitafunio, saa kumi maazimio, Jumatatu hamna kitu.

Msitu_wa_Mau
Mzee wangu shikamoo, lakini hapo kwa wenyeji wacha nikukumbushe. Wanaosemwa ni jamii kama Wamaasai wafugaji ama watu wa msituni, ambao maisha yao yanategemea ardhi yao ya jadi na wameachwa nyuma. 13 Septemba 2007 Baraza Kuu la UN likipigia kura Azimio la Haki za Watu wa Asili, Tanzania ilisema NDIYO. Ni sisi Kenya ndio hatukuegemea upande wowote, aibu yetu hiyo.

Dada Nalangu, kuna lile Jukwaa la Kudumu la Watu wa Asili, linakaa New York kila mwaka karibu Aprili, na afya ni moja ya mambo sita liliyopewa toka mwanzo. Kikao cha 2023 mada yenyewe ilikuwa afya ya binadamu pamoja na afya ya ardhi na tabianchi, kwa hivyo ukiuliza ni afya ama ni ardhi, kule wanakwambia ni kitu kimoja, na mtu yeyote amefukuzwa msituni akapoteza dawa zake na asali yake anaelewa hiyo bila kusoma. Mwezi uliofuata, Mei 2023, mkutano mkuu wa WHO Geneva ukapitisha azimio la afya ya watu wa asili, WHO ikaambiwa itengeneze mpango wa dunia nzima iulete 2026. Hiyo karatasi itafute, ndio utamwekea mganga mkuu wa wilaya mezani.

Ya kwenda sasa. Si lazima mwe NGO kubwa, kikundi cha jamii ya asili kinaweza kujisajili. Na kuna Mfuko wa Hiari wa UN, uko tangu 1985, unalipa tiketi na pesa ya kujikimu, wanataka barua ya kikundi chenu kukupendekeza. Lakini jipange, ukumbini unapewa kama dakika 3 hivi ukizidi maiki inazimwa, na ukalimani ni lugha sita za UN peke yake, ukitaka Kimaasai uje na mtu wako wa kutafsiri.

Dereva_Mstaafu
Marahaba. Kwa hiyo posho ipo 😂

mbeba_boksi_Adelaide
Niko Australia nasoma. Huku Taasisi ya Lowitja, ya utafiti wa afya ya Waaborijini, yaani wenyeji wa asili wa huku, inaandaa mkutano wa kimataifa wa afya na ustawi wa watu wa asili, 2023 ilikuwa Cairns, Juni 2025 ikawa hapahapa Adelaide, kiingilio si cha mfuko wa mwanafunzi kwa hiyo sikuingia, nisiwadanganye. Ila kitu cha kuiga kwa hawa Waaborijini hakikuzaliwa mkutanoni. 1971 pale Redfern, Sydney, walichoka kubaguliwa mahospitalini wakafungua kliniki yao wenyewe, madaktari wakajitolea, saivi kliniki za namna hiyo zimepita 140 nchi nzima na bodi wanachagua wanajamii. Dada mimi ningekuwa wewe ningeanzia kwenye kamati ya zahanati, akina mama wawili watatu waingie humo, New York baadae. Nesi anayejua Kimaasai hatoki UN.

Msitu_wa_Mau
Zote mbili bana. Kamati ikikataa unaenda na ile karatasi ya WHO.

Nalangu_wa_Longido
Asanteni sana, nimepanda kilimani ndo netiweki imekubali. Nimewasomea akina mama yote, la kamati wamelipenda, uchaguzi ukifika tunaweka majina, na barua ya huo Mfuko tutaandika pia hata kama itachukua mwaka. Bibi mmoja akauliza hizo dakika 3 unaongea Kimaasai au Kiswahili, nikamwambia lugha zipo sita na zote mbili hazimo. Alicheka mpaka akashika mbavu, akasema kumbe na wao wana zahanati kama yetu.