Mjadala: Ukicheza Final Fantasy VII kwa kasi mara tatu, umelicheza?

MLETA MADA, Mwanjelwa:
Wadau, poleni na baridi. Juni hii Mbeya haina utani, kwa hiyo jioni najifunika blanketi, nawasha PS4 yangu ya mtumba na kurudi kwenye Final Fantasy VII. Juzi nilitaja kwamba nalicheza kwa kasi mara tatu na nimezima vita vya njiani, nikasemwa kama nimekojolea kisima. Naileta rasmi tumalizane: ukilicheza hivyo, umelicheza au umepita tu?

Kwa asiyelijua: ni gemu la Kijapani la kampuni ya Square, lilitoka kwao Januari 1997 kwenye PlayStation ya kwanza, CD tatu nzima. Unaongoza kikundi kinachopambana na Shinra, kampuni inayofyonza uhai wa dunia na kuugeuza umeme. Vita ni vya zamu: geji yako inajaa, unachagua cha kufanya, unasubiri. Na adui wa njiani humuoni. Unatembea zako, kioo kinazunguka, tayari uko vitani. Unamaliza, hatua kumi, kioo kinazunguka tena. Toleo lililoingia PS4 mwaka 2015 likaleta dawa tatu: bonyeza analogi ya kushoto, kila kitu kinakwenda mara tatu, ya kulia, damu yako inajazwa muda wote vitani, zote mbili pamoja, adui wa njiani hatokei.

Mimi nasema hiyo ni haki yetu iliyochelewa.

Kibanda nilikojifunzia kilikuwa nyuma ya soko. Mabati juu, benchi moja, TV ya chogo, shilingi mia mbili kwa nusu saa. Mfalme mle ndani alikuwa Winning Eleven, gemu la mpira. Sisi wa magemu ya hadithi tulivumiliwa tu, asubuhi kabla wateja wenyewe hawajaamka. Sasa kuna mahali unafika kwenye jengo la Shinra, unaulizwa: upite mlango wa mbele upigane, au uzunguke nyuma upande ngazi kimyakimya? Nikachagua ngazi. Ndugu zangu, zile ngazi zinapandwa kweli! Mpaka ghorofa ya 59. Ukuta uleule, kona ileile, Barret, mmoja wa kikundi chako, analalamika miguu, unaendelea kubonyeza. Mwenye kibanda akapita na kikombe chake cha chai ya rangi, akatazama, akaenda nje, akarudi, akatazama tena. "We mtoto, hela yote hiyo unalipia kupanda ngazi?" Kibanda kizima kikaangua kicheko. Muda ukakata nikiwa bado napanda, na pale katikati hakuna pa kusevu. Kesho yake nikaanza upya.

Siku ile ningeonyeshwa kitufe cha mara tatu ningempigia mtu magoti. Kwa hiyo anayenihubiria subira leo aniambie kwanza: wewe uliilipia hiyo subira nusu saa nusu saa, au ulikuwa na PlayStation sebuleni kwa baba yako?

MDAU, Iringa:
Kamwene, mkuu. Umejifunga goli mwenyewe halafu unashangilia. Miaka zaidi ya 20 imepita na unachokikumbuka ni ngazi. Mbona hukutusimulia mlango wa mbele? Zile ngazi ni utani wa waliotengeneza. Walitaka uchoke, ucheke na Barret, ufike juu huna hamu. Ukizipanda kwa kasi mara tatu umefika tu, utani hujausikia.

Na ndiyo, nyumbani tulikuwa na PlayStation, ila CD ni ya kuazima. Nililicheza na kamusi mapajani. Kiingereza changu chote cha kidato cha pili kimetoka mle, pamoja na makosa yake, maana waliotafsiri walikuwa na haraka kama wewe. Kule vitongojini Aeris, dada mmoja wa kikundi, anamwonyesha mwenzake mgonjwa mmoja, sentensi fupi tu, na humo mtu mmoja kapewa kitenzi cha watu wengi. Nikaiga kwenye insha. Mwalimu akaniwekea mstari mwekundu, nikambishia kwamba nimeisoma mahali pa kuaminika.

FUNDI, Uyole:
Wote wawili mnachanganya vitufe. Hapo pana vitufe vitatu, na kila kimoja kina kesi yake.

Kasi haina shida. Kile kinachokwenda mara tatu ni kuzunguka kwa kioo, upanga kupanda na kushuka, na ule uchawi wa Sephiroth, adui mkuu, mwishoni, anaoleta kimondo kinapita sayari moja baada ya nyingine kwa takriban dakika mbili, na wewe umekaa tu, unaweza hata kuchemsha chai. Kuiona mara moja ni heshima, mara ya tatu ni adhabu.

Kuzima adui wa njiani, hapo unajiumiza bila kujua. Nguvu ya gemu hili iko kwenye materia, yale mawe ya rangi unayopachika kwenye silaha. Silaha ina matundu, mengine yameunganishwa mawili mawili. Weka jiwe la kutibu tundu moja, la pili weka lile linaloitwa All, sasa ukitibu mtu mmoja wanapona wote. Hapo ndipo mtoto anapogundua anaweza kubuni silaha yake mwenyewe. Lakini mawe yanakua kwa pointi za vitani. Umezima vita, mawe yako yamedumaa, unafika kwa bosi, yule adui mkubwa, umeshika kokoto. Halafu unawasha damu isiyoisha ikuokoe. Na haikuokoi kila mara: pigo moja likizidi damu yako yote, umekufa na kitufe chako kimewashwa. Nimeletewa PS4 dukani mtu ananiambia ina hitilafu kwa sababu ya hilo. Nikamrudishia, sikumchaji.

Kwa hiyo kasi ruksa, vingine viwili hapana.

Kwa wanaosema zamani ilikuwa raha, niulizeni mimi. PlayStation za mwanzo zikipata joto lenzi ilisumbua, tukawa tunazicheza zimepinduliwa kichwa chini miguu juu. Sijawahi kuikumbuka hiyo hata siku moja.

MAMA, Forest ya Zamani:
Naomba niingie, mabroo. Mnaongea kana kwamba sote tulikuwa vibandani. Wasichana hatukuingia. Kaka yangu alikuwa anaingia, mimi nabaki mlangoni na ndoo ya maji, nachungulia kwenye upenyo wa pazia mpaka niitwe nyumbani. Niliona vipande tu: yule wa nywele za miiba na upanga kama ubao wa mlango, na yule dada wa gauni la pinki. Hadithi sikuijua, na Kiingereza kilikuwa hakijanifika.

Sasa hivi mwanangu ana miaka 13, anacheza ile iliyotengenezwa upya mwaka 2020. Nikamwambia ngoja nikuonyeshe yenyewe. Akaangalia akaniuliza, "Mama, mbona mikono yao kama vibuyu?" Akaondoka. Mimi nikabaki. Mwezi wa pili huu, kila usiku watoto wakilala, dakika arobaini au hamsini, nikiwa na jicho moja kwenye luku. Bila mara tatu ningekuwa bado nazunguka Midgar, mji wa mwanzo. Adui wa njiani sijamzima, fundi, usinigombeze, mawe yangu yanakua vizuri tu.

Mimi sina utoto wa kulinda hapa. Hizo sheria zenu za namna halali ya kulicheza zinanihusu vipi?

MKULIMA, Isyonje:
Viazi viko shambani, gari halijapatikana, nimefungua hapa nione bei ya gunia nakuta watu wazima wanahesabu ngazi za kwenye TV. Endeleeni.

MDAU, Kiwira:
Dada kasema vizuri. Niongeze kidogo tu kuhusu kurudia ukubwani. Utotoni Barret kwangu alikuwa jamaa mwenye bunduki badala ya mkono, basi. Nimelirudia mwaka jana, nikafika kwao, Corel. Kumbe ni mji wa makaa ya mawe. Shinra wakaja na mtambo wao, rafiki yake akakataa, na aliyewashawishi wenzake wakubali ni Barret mwenyewe. Baadaye mji ukachomwa. Mimi nimekulia Kiwira, tunajua makaa ya mawe ni nini kwa familia na kelele zake mgodi ukisimama. Niliweka pedi chini nikakaa. Na nilikuwa kwenye kasi mara tatu, mdau wa Iringa. Maneno mengi mle yanakungoja ubonyeze mwenyewe, hayakimbii.

MDAU, Iringa:
Hilo la maneno nakubali. La ngazi nabaki palepale. Mleta mada hajajibu: kama mapigano unayazima na ngazi unazikimbia, unakimbilia nini hasa?

MLETA MADA, Mwanjelwa:
Haya, niseme ukweli. Fundi nimekusikia, vita nimewasha jana na bosi wa kwanza kanitoa kamasi, materia zangu kweli ni kokoto.

Ninakokimbilia ni CD ya pili. Kibanda kile kilikuwa na CD ya kwanza tu. Mwenyewe aliinunua kwenye fungu, hata hakujua zipo tatu. Na mnajua CD ya kwanza inaishia wapi: Aeris anapiga magoti anaomba, Sephiroth anashuka na upanga mrefu, kwisha. Cloud, yule wa nywele za miiba, anamweka majini, kisha kioo kinakuomba CD ya pili. Sisi hatukuwa nayo. Kwa watoto wote wa kibanda kile hadithi iliishia pale, Aeris amekufa na Sephiroth kaondoka zake. Tukabaki na uvumi. Kuna aliyeapa kwamba ukifuga Chocobo, wale ndege wa kupanda, mpaka upate wa dhahabu Aeris anafufuka, na mwingine akasema binamu yake Dar kaona kwa macho yake. Tungejaribia wapi? Kufuga huko kote kwa Chocobo kuko CD ya pili. Nikamaliza shule, nikaoa, sijui kilichofuata. Sasa mtu akiniambia nipande ngazi taratibu, namwona kama mwenye kibanda anayenisubirisha nusu saa nyingine.

MAMA, Forest ya Zamani:
Subirini kwanza. Anakufa nani?

Nipo Gongaga, bado sijafika huko. Yule ndiye nimempa mawe yote ya kutibu, na fimbo mpya nimemnunulia juzi.

FUNDI, Uyole:
Mleta mada, umefanya nini sasa.

MDAU, Iringa:
Dada, kuanzia hapo punguza kasi.